Simu ya Kitanda cha Sita

Wodi ya ugonjwa ule ilikuwa na simu moja, na kila mtu aliiita simu ya Mama Mapacha. Hakuwa ameinunua. Alitwishwa tu, kama mtu anavyotwishwa ndoo kwa sababu shingo yake imeonekana ina nguvu.

"Wewe una sauti," Matroni alimwambia wiki ile ya kwanza vifo vilipoanza kufuatana. "Mimi nikiwapigia watu wanadhani nawagombeza. Wewe hata ukimpa mtu habari mbaya, anakushukuru."

Na kweli walimshukuru. Hilo ndilo lililomchosha kuliko mengine yote. Mtu anaambiwa mama yake amefariki, anavuta pumzi, anasema, "Asante sista, Mungu akuzidishie." Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Katika miaka yake ishirini na miwili ya unesi, ishirini na moja alikuwa wodi ya wazazi. Huko ndiko alikopatia jina lake. Alikwenda kazini kuzalisha wenzake, uchungu ukamkamata katikati ya zamu, akaishia kuzaa yeye, tena wawili. Wenzake walimcheka mwaka mzima. Siku hizo sauti yake ilikuwa ya kheri. "Baba, njoo. Wa kike, kilo tatu na nusu, analia kama mwenye nyumba." Sasa sauti ile ile watu wakiisikia walinyamaza kwanza, wakangoja.

Nyumbani alilala chumba cha nje peke yake, asije akawapelekea ugonjwa. Mama yake mzazi alibaki ndani na mapacha. Asubuhi mama alimwekea chai kwenye kigoda mlangoni, akarudi nyuma hatua kumi, ndipo wakasalimiana.

"Umelala?"

"Nimelala, mama."

"Muongo mkubwa. Macho yamekuvimba kama uliyepigana na nyuki."

Mama yule hakusoma sana, lakini alikuwa na jicho. Aliona kwamba kila simu ilipolia mle ndani, mwanawe aliyekuwa uani alijishika tumbo. Hakumuuliza. Alizima milio ya simu zote za nyumba, akawaambia wajukuu kwamba zitakaa kimya mpaka mama yao apone.

"Kwani mama anaumwa?" mmoja akauliza.

"Nimesema mpaka apone," bibi akajibu, na mjadala ukaishia hapo.

Mara tatu Mama Mapacha alikwenda kwa Matroni. "Nipangie kazi yoyote. Nifue mashuka, nioshe maiti, sawa. Ila nitoe kwenye simu."

Matroni alikuwa na meza iliyojaa karatasi na macho mekundu kama yake. "Wawili wamelazwa, mmoja kafiwa na mumewe. Nitamtoa wapi mwingine, mwenzangu? Nivumilie leo tu." Na siku iliyofuata alisema vivyo hivyo.

Wodi yenyewe iligawanywa na kioo kikubwa. Ndani walikuwa wagonjwa kumi na wawili pamoja na manesi wa zamu, wamevaa magauni ya plastiki, barakoa, miwani na glovu mbili mbili, wamefunikwa kuanzia unyayo mpaka utosini. Nje ya kioo palikuwa na meza, simu, na rejista yenye majina ya wagonjwa, vitanda vyao na namba za ndugu zao. Karatasi ikiingia ndani haikutoka tena, iliishia kwenye moto. Kwa hiyo aliyekuwa ndani akitaka kumwambia kitu aliye nje aliandika juu ya kioo kwa kalamu ya wino mzito, tena kinyumenyume, ili wa nje asome sawasawa. Wote walikuwa wameshajifunza.

Mtu akifariki, jina halikuandikwa. Walikubaliana hivyo wenyewe, bila agizo la mkubwa yeyote, kwa sababu wagonjwa waliobaki walilala wakikitazama kile kioo, na haikuwa vizuri walione jina la mwenzao pale. Waliandika namba ya kitanda, saa, na kiduara kidogo. Aliye nje akifungua rejista anajua ni nani.

Kitanda cha sita kilikuwa cha Fundi. Alikuwa mzee wa kutengeneza saa za watu, mwenye vidole vyembamba visivyotulia, na kwa siku kumi na moja alikuwa amelala pale. Wagonjwa wengi hawakuweza kuwatofautisha manesi katika yale magauni, ila Fundi hakukosea hata mara moja.

"Umenijuaje?" Mama Mapacha alimuuliza siku moja.

"Mwendo," Fundi alisema chini ya barakoa ya oksijeni, neno moja moja. "Unatembea kama mtu... aliyeacha kitu jikoni... kinaungua."

Kila jioni saa kumi Mama Mapacha alimpigia mke wake, ambaye Fundi alimwita Bi Mkubwa, na kila siku alirudi na ujumbe. Kwamba mwenye saa ya kijani amekuja mara tatu ana makelele. Kwamba paka amezaa ndani ya sanduku la vifaa na hakuna ruhusa ya kumhamisha. Fundi alicheka mpaka kipimo cha kidoleni kikapiga kelele. Mama Mapacha hakumwambia mtu, lakini simu ile ya saa kumi ndiyo iliyomwezesha kuzipiga zile nyingine.

Asubuhi ya siku hiyo walikuwa wawili tu ndani, yeye na nesi mwenzake waliyemwita Mrefu, mwanaume ambaye magauni yote yalimwishia kwenye magoti. Kitanda cha tisa alilala dereva wa lori, mtu wa miaka thelathini na kitu, kifua kama mlango. Ugonjwa ulimwangusha kwa siku nne. Saa tatu asubuhi namba yake ya oksijeni ilishuka hadi themanini, ikashuka hadi sabini na tano, na bomba la hewa la kitanda cha tisa lilikuwa limeshafunguliwa mpaka mwisho. Kila mtu alijua kwamba bomba zuri ni la kitanda cha sita. Hakuna aliyelisema.

Fundi ndiye aliyeinua mkono.

"Sista. Mlete huyo... hapa."

"Na wewe je, Fundi?"

"Mimi ngapi?"

Mama Mapacha akatazama kipimo. "Tisini na moja."

"Tisini na moja," Fundi akasema. "Mimi tajiri. Mlete."

Wakawabadilisha. Vitanda vilikuwa na magurudumu na namba zilichorwa ukutani, kwa hiyo ilikuwa kazi ya kusukuma tu, ingawa mtu aliyevaa plastiki akisukuma kitanda jasho humtiririka mpaka ndani ya viatu. Dereva akawa wa sita, Fundi akawa wa tisa. Namba ya Dereva ilipanda kidogo. Fundi alipopita karibu naye alinyoosha mkono akamgusa shuka, basi.

Sheria ilikuwa kwamba aliyemhamisha mgonjwa ndiye anayebadilisha rejista akitoka nje. Mama Mapacha alijiambia hivyo kwa maneno, tena kwa sauti. "Nikitoka, rejista."

Alitoka saa sita. Kwa masaa matano alikuwa hajanywa maji wala kwenda chooni. Mzee Klorini, msafishaji aliyesimamia chumba cha kuvulia nguo, alimvusha hatua kwa hatua kama kawaida yake, kisha akampa chupa ya maji aliyomwekea kivulini. Mama Mapacha alikaa kwenye benchi la ukutani anywe. Alikunywa nusu. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa unyevu wa glovu, vyeupe kama si vyake. Aliegemeza kichwa ukutani afumbe macho dakika moja, akalala na chupa mapajani. Mzee Klorini akaizima pampu yake ya dawa, akamwaga kwa kikombe saa nzima na nusu, asimwamshe.

Kilichomwamsha ni kioo. Mrefu alikuwa akigonga kutoka ndani. Alikwisha kuandika: 6, saa 7:30, na kiduara.

Mwili wa Mama Mapacha uliamka, ukainuka, ukaenda mezani. Lakini asubuhi ile ilikuwa bado imelala ndani yake. Kwa siku kumi na moja kitanda cha sita kilikuwa mtu mmoja. Alifungua rejista, na rejista nayo ikamwambia hivyo hivyo. Alilitazama jina la Fundi, akasema, "Loo, baba yangu." Kisha akapiga, kwa sababu usipopiga hapo hapo, hupigi tena.

"Haloo! Eeh mwanangu, leo umewahi," Bi Mkubwa akasema. "Mwambie Fundi, mwenye saa ya kijani nimemfukuza."

"Mama. Umekaa?"

Mama Mapacha alisikia mlango ukifungwa polepole.

"Mwanangu, usiniulize kama nimekaa."

"Fundi ametutoka, mama. Saa saba na nusu. Pole sana, mama yangu."

Halafu ikaja sauti ndogo, kama ya mtu anayeongea na mtoto aliyelala. "Sawa. Sawa, mwanangu. Nimesikia." Akavuta pumzi. "Na wewe ukale kitu. Sauti yako imekauka."

Mama Mapacha aliiweka simu ndani ya droo, akaifunga kwa ufunguo kama ilivyokuwa kawaida, akaenda kuosha uso.

Saa tisa alivaa tena akaingia. Mrefu alikuwa na wagonjwa kumi na mmoja peke yake, na maiti ilikuwa haijatayarishwa. Mama Mapacha alitaka kumwosha Fundi kwa mkono wake mwenyewe. Hicho ndicho alichobaki nacho cha kumfanyia. Akaweka beseni, akakamua kitambaa, akashika shuka la kitanda cha sita kwa pembe mbili, akalifunua.

Alikuwa Dereva.

Alisimama pale akimtazama. Paji pana, kovu juu ya nyusi ya kushoto, ndevu za siku nne. Akili yake ilikataa kwa muda, ikatafuta namna ya kumfanya huyu awe yule. Kisha akageuka taratibu, kama mtu anayeogopa kuona kilicho nyuma yake. Katika kitanda cha tisa Fundi alikuwa amelala ubavu anamtazama. Akainua vidole viwili, akamsalimia.

Alikwenda kwenye kioo akakigonga kwa ngumi. Mezani hapakuwa na mtu. Zamu ya meza ilikuwa yake mwenyewe. Matroni alikuwa kwenye kikao jengo la pili. Simu ilikuwa kwenye droo, na ufunguo wa droo ulikuwa kwenye mfuko wa nguo zake, kule chumba cha kuvulia.

"Nini?" Mrefu akauliza.

"Nimemuua Fundi," akasema. "Kwa simu. Nimemwambia mkewe."

Mrefu alimtazama nyuma ya miwani yake iliyojaa mvuke. Hakusema, "Uliwezaje?" Alikichukua kile kitambaa mkononi mwake. "Nenda," akamwambia. "Huyu nitamwosha mimi niliyemshika mkono mpaka mwisho. Nenda."

Kutoka ndani kulikuwa na hatua kumi na nne, na hatua zote zilichukua dakika ishirini. Mama Mapacha aliingia chumba cha kuvulia tayari anashika utepe wa gauni.

"Shusha mikono," Mzee Klorini akasema.

"Mzee, leo nipitishe haraka. Nakuomba."

"Shusha mikono, mwanangu."

"Kuna mtu nimemwambia mumewe amekufa, na hajafa! Yuko nyumbani analia! Kila dakika—"

Mzee Klorini alisimama na bomba lake mkononi. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, ambaye kabla ya ugonjwa alifagia ngazi na hakuna aliyemjua hata kwa salamu.

"Mwezi uliopita nilimwacha mmoja aharakishe," akasema. "Mtoto wake alikuwa na homa nyumbani. Sasa hivi yuko kitanda cha pili humo ndani, unamlisha wewe mwenyewe. Inua mguu wa kulia."

Akainua mguu wa kulia. Akanyunyiziwa. Akainua wa kushoto. Glovu za juu. Kunawa, sekunde ishirini, na Mzee akizihesabu kwa sauti. Miwani, macho yamefumbwa. Kunawa. Gauni, kulikunja kwa nje kwenda ndani, polepole, lisipeperuke. Mama Mapacha alikuwa akitetemeka kiasi kwamba utepe ulimshinda, na Mzee, aliyekatazwa kumgusa mtu, alibaki akimwelekeza kwa maneno kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Kushoto kidogo. Hapo hapo. Vuta. Usivute hivyo, vuta kama unavuta uzi." Katika kila kunawa alimwona Bi Mkubwa. Sasa ameshawaambia watoto. Sasa majirani wameshaingia. Sasa kuna mtu anahamisha viti.

"Kumi na nne," Mzee akasema mwishoni. "Haya, kimbia."

Matroni alimkuta mezani anahangaika na ufunguo. Mama Mapacha alimwambia yote kwa pumzi moja. Matroni aliketi, akashika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaondoa mikono ile akanyoosha shati lake.

"Piga," akasema. "Niko hapa."

Simu ilipokelewa na mwanaume. "Hapa ni msibani, nani mwenzetu?"

"Ni hospitali. Naomba Mama."

"Mama hawezi kuongea. Mnataka nini tena? Si mmeshamaliza?"

"Kaka yangu, naomba Mama. Mzee hajafariki. Yu hai. Ni mimi niliyekosea."

Alisikia mtu yule akipumua. Alimsikia akisema, si kwake, "Wanasema hajafa." Halafu vishindo, kelele, kiti kimeanguka, wanawake wanaongea kwa pamoja, na katikati yao sauti aliyoijua.

"Nani wewe?"

"Ni mimi, mama. Ni yule yule."

"Mwanangu." Sauti ilikuwa imepasuka. "Saa nane umeniambia mume wangu amekufa."

"Ndiyo, mama."

"Sasa unaniambia nini?"

"Nilikosea kitanda. Fundi yu hai. Nimemwona sasa hivi, amenipungia mkono."

"Nimeshamlilia," Bi Mkubwa akasema. "Nimeshawaambia watoto wake. Yule mkubwa wao ameanguka, wamemlaza pale. Unanirudishia mtu kwa maneno? Kwa maneno ndiyo ulimchukua. Nataka nimsikie."

Simu ya wodi haikuruhusiwa kuvuka kioo. Mama Mapacha akamtazama Matroni.

"Iingize," Matroni akasema. "Ikiharibika iharibike."

Wakaitia ndani ya mfuko wa plastiki, wakaipitisha kwenye kidirisha cha dawa. Mrefu aliichukua akaenda nayo kitanda cha tisa. Kutoka nje hawakusikia kitu. Waliona tu. Walimwona Mrefu akiinama akimweleza Fundi, na Fundi akitoa macho, kisha akigeuza kichwa kutazama kitanda cha sita, ambako mtu aliyempa nafasi yake alikuwa amelala chini ya shuka safi. Alikitazama muda mrefu. Alikuwa hajui. Alikuwa amedhani kelele za mchana zilikuwa za mgonjwa mwingine. Mrefu akamwinulia barakoa kidogo pembeni ya mdomo. Midomo ya Fundi ilicheza, ikasimama, ikacheza tena. Taa ya kipimo ikaanza kuwaka nyekundu. Mrefu akarudisha barakoa, akaishikilia kwa mikono yote miwili, na mabega yake marefu yakawa yanatikisika, isijulikane kama analia au anacheka.

Baadaye alikuja kwenye kioo akaandika: KAMWAMBIA USIGAWE MASHATI YANGU. Na chini yake: 79. Baada ya dakika kumi akafuta, akaandika 84, na hapo ikakaa. Themanini na nne si namba ya kumfanya mtu alale usingizi. Fundi alikuwa amegeukia ukuta.

Matroni alifungua rejista, akafuta kwa mstari, akaandika upya, sita na tisa. Kisha akatoa simu yake mwenyewe mfukoni.

"Hii ya pili nitapiga mimi," akasema. "Mwezi mzima unaniomba nikutoe. Nimekutoa. Kuanzia kesho simu itakwenda kwa zamu, hata daktari atapiga, hata mimi na huu mdomo wangu. Na ripoti nitaandika kwamba mlikuwa wawili kwa wagonjwa kumi na wawili. Kaa chini."

Mama Mapacha alikuwa akiingoja sentensi ile kwa mwezi mzima. Alidhani akiisikia atalia kwa raha. Hakuhisi kitu.

"Kuanzia kesho, sawa," akasema. "Hii ni yangu."

"Mwenzangu, huna hali."

"Najua."

Matroni akampa simu.

Iliita mara mbili tu. Nyuma ya sauti ya mwanamke palikuwa na watoto wanacheka na maji yanamwagika kwenye beseni.

"Dada, naongea kutoka hospitali."

"Ee, sista! Afadhali. Nilikuwa nangoja saa kumi, naona imepita. Vipi mtu wangu?"

"Dada, mume wako amefariki. Nasikitika sana. Amefariki leo saa saba na nusu mchana."

Maji yakanyamaza. Mtoto mmoja aliendelea kucheka peke yake, kisha naye akanyamaza.

"Saa saba na nusu," mwanamke akasema. "Sasa hivi ni saa kumi na nusu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Mama Mapacha angeweza kusema mtandao ulisumbua. Watu wangemwamini, mitandao husumbua. "Nilikosea, dada. Asubuhi tulimhamisha kitanda, apate hewa nzuri zaidi. Sikubadilisha kitabu. Nikampigia mke wa mgonjwa mwingine."

"Saa tatu!" Sauti ilipanda ikapasuka. "Saa tatu nzima mimi niko hapa nafua! Nimesimama mlangoni nacheka na jirani! Nimemwambia mtoto baba yako wiki ijayo anarudi, na nyinyi mnajua? Mume wangu yuko chini ya shuka, na mimi nacheka?"

"Ndiyo, dada."

"Usiniambie ndiyo! Ndiyo nini? Una mume wewe? Una watoto? Mwenyewe ungependa..." Simu ikakatwa.

Matroni alinyoosha mkono. Mama Mapacha hakumpa. Alipiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Alipiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Ya tatu ilipokelewa, lakini hakuna aliyesema haloo. Alisikia pumzi tu, nzito, za mtu aliyetoka mbio ndefu.

"Soma," mwanamke akasema.

"Nisome nini, dada yangu?"

"Mara ya kwanza ulikosea. Ulimwambia mtu mumewe amekufa, kumbe hajafa. Utajuaje kama hujakosea tena? Soma jina."

Mama Mapacha akaivuta rejista karibu. Aliweka kidole chini ya mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza, akasoma jina la Dereva, la baba yake, na la babu yake, polepole, asiruke hata herufi.

"Majina yanafanana," mwanamke akasema upesi. "Kuna watu wengi wana majina kama hayo."

"Nimemwona kwa macho yangu. Ana kovu juu ya nyusi ya kushoto."

"Boneti," mwanamke akasema. "Boneti la lori lilimwangukia. Nilimwambia nenda ukashonwe, akasema kidonda cha mwanaume hakishonwi." Pumzi yake ilikatika katikati. "Ndiye."

"Ndiye, dada. Pole."

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Mwenzangu alikuwa naye, amemshika mkono mpaka mwisho. Na mgonjwa mmoja, mzee, alimpa kitanda chake chenye hewa nzuri. Alikuwa na watu."

Mwanamke hakushukuru. Kilio kilianza chini kabisa, kikapanda taratibu, na watoto walipokisikia nao wakaanza, hawajui wanalia nini. Matroni alisogeza kiti, akakaa karibu, akaweka mkono kwenye mgongo wa Mama Mapacha, akauacha hapo. Ndani ya kioo Mrefu alikuwa akienda kitanda hadi kitanda, gauni limemwishia kwenye magoti, akimnywesha huyu, akimgeuza yule.

"Usikate," mwanamke akasema ndani ya kilio.

"Sikati."

"Usikate, kaka yake yuko njiani anakuja, mpaka afike. Niko peke yangu na watoto."

"Niko hapa, dada," Mama Mapacha akasema, kwa sauti ile ile waliyompendea. "Lia tu. Nakusikia."